Sauti ya Mama Carmel

Waswahili wa Dallas wakiumwa hawaanzi na daktari. Wanaanza na nesi wanayemjua, na nesi ambaye wengi wanamjua ni Flaviana wa Garland, mke wa Wilfred, mama yake Carmel. Anafanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo, hana maringo, na simu yake haizimwi. Mtu akikanyaga msumari, Flaviana. Mtoto akitokwa na vipele, Flaviana. Kuna mzee mmoja wa parokiani aliwahi kumtumia picha ya ulimi wake katikati ya mahubiri, wote wawili wakiwa kanisa moja, na Flaviana akamjibu kabla padri hajafika mwisho.

Kwa hiyo Celestine alipompigia, hakushangaa. Alikuwa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, zamu imekwisha, viatu ameshavua, anatamani tu afike nyumbani.

“Flavi, niko na pain hapa kwa chest,” alisema Celestine. Alikuwa binti wa Kikenya, mwanafunzi, akikaa DeSoto na kuimba naye kwaya moja. “Inaniburn vibaya. Jana nilikula nyama choma late na nikalala hapo hapo. Niende emergency ama?”

Flaviana hakujibu ovyo. Alimuuliza kama maumivu yanazidi akilala. Yanazidi. Akipanda ngazi je? Wapi, asubuhi amekimbia kuzunguka ziwa na hajasikia kitu. Yanashuka mkononi, yanapanda shingoni au tayani? Hapana. Anatoka jasho, anakosa pumzi, anasikia kichefuchefu? Hapana, hapana, hapana. Ana presha, kisukari, anavuta sigara, kwao kuna aliyekufa ghafla kwa moyo? Hakuna. Chaji ya simu ikaisha, na alipoichomeka kwenye gari Flaviana akaona uvivu kupiga tena. Akamalizia kwa ujumbe wa sauti.

“Sikiliza, mpendwa. Huo si moyo. Moyo naujua, ndiyo kazi yangu. Hicho ni kiungulia na gesi. Usikimbilie emergency ukashinda kwenye viti vyao bure. Kunywa maji ya uvuguvugu, usilale ukishakula, inua mto kidogo. Itapita.”

Na ikapita. Celestine kwa furaha akauweka ule ujumbe kwenye grupu la kwaya: “Nurse wetu ni wa maana, mskizeni.” Kwaya wakautuma kwa jumuiya, jumuiya wakautuma kwa kina mama wa Fort Worth, na kina mama wa Fort Worth wana ndugu Houston. Maswali yote aliyouliza Flaviana yalibaki kwenye simu iliyozimika. Lililosafiri ni jibu peke yake.

Shukrani zikaanza kuingia kutoka namba asizozijua. Asante daktari wetu. Ubarikiwe, dada, nilikuwa na hofu sasa nina amani. Tusimwonee wala tusimtetee: Flaviana aliliona tatizo, tena mapema. Jioni moja aliandika kabisa, “Jamani, ile sauti ilikuwa ya mtu mmoja, msiifuate,” akaitazama, akaifuta. Kazini kuna wagonjwa ambao wakisikia lafudhi yake huomba waletewe nesi mwingine. Hapa watu wazima walikuwa wanamwita daktari wetu, na utamu wa neno hilo ulimshinda. Alijiambia ataandika kesho.

Sasa, baba mkwe wake, Mzee Melkiori, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Rombo, alikuwa amekuja Texas kuwatembelea watoto. Alifikia Katy, upande ule wa Houston, kwa binti yake Theodora, dada yake Wilfred. Asingeweza kukaa Garland. Katika ukoo wao baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawatumii kiti kimoja, hawapeani mikono, wala kutumia bafu moja hakujadiliwi. Ukitoa shikamoo na marahaba, hawasemezani ana kwa ana. Mzee hakuwahi kulitamka jina la Flaviana tangu alipoolewa. Hata wakiwa sebule moja, yeye huku na yeye kule, utamsikia akisema, “Wilfred, mwambie mama Carmel chakula kilikuwa kizuri.” Na mama Carmel, aliyesikia kila neno, angesubiri aambiwe.

Flaviana aliupenda utaratibu huo. Ulikuwa na ustaarabu wake. Alijua mzee anampenda, na kumpenda kwenyewe kulipimwa kwa hatua alizorudi nyuma kumpisha kwenye korido.

Jumapili, baada ya misa, Wilfred aliegemeza simu kwenye kopo la sukari akawapigia watu wa Katy kwa video. Flaviana alikaa pembeni, nje ya kioo, kama ilivyo adabu. Yeye alikuwa akiona, wao hawamwoni. Theodora alikuwa jikoni kwake akikatakata mbuzi na kulalamikia foleni ya kwenda kazini. Nyuma yake mlango ukafunguliwa, Mzee Melkiori akaingia na bahasha. Alikuwa amekwenda kuchukua barua kwenye masanduku ya posta ya mtaa, mwendo wa nyumba chache tu.

Alishika fremu ya mlango akasimama. Akakunja ngumi na kuikandamiza katikati ya kifua. Nyumba ya Theodora ina ubaridi wa kuvalia sweta, lakini kijasho chembamba kilikuwa kinang'aa juu ya mdomo wa mzee. Akajisugua taya. Kisha akakaa.

Ngumi ile Flaviana anaijua. Wanaingia nayo wodini kila wiki, wengi wao wakisema ni chakula.

“Muulize baba kama yuko sawa,” alimnong'oneza mumewe.

“Baba, mama Carmel anauliza kama uko sawa.”

Mzee alicheka, kicheko kikakatika njiani. “Mwambie asiwe na wasiwasi. Ni gesi tu. Tangu Alhamisi nikitembea inanibana, nikikaa inaachia. Lakini mwambie nafuata maelekezo yake. Maji ya uvuguvugu nakunywa, mto nimeinua. Theodora alinisikilizisha ile sauti, nami nimeirudia mpaka nimeikariri. ‘Moyo naujua, ndiyo kazi yangu.’ Mwambie nimefurahi kuwa na mkwe wa namna hiyo.”

Wilfred akamgeukia mkewe, meno yote nje. “Umesikia? Unasifiwa huku.”

Alichotakiwa kufanya Flaviana ni kuinyakua simu. Hakuinyakua. Mdomo wake ulifunguka, na ndani yake hapakuwa na njia ya kumuuliza baba mkwe habari za kifua chake. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ilikuwepo na sababu mbaya, na aliijua pale pale. Kusema neno ni kukiri mbele ya wifi yake na mume wake kwamba sauti iliyosifiwa kote ndiyo iliyomweka mzee nyumbani.

“Mwambie apumzike,” alisema.

“Baba, anasema upumzike.” Wakaagana.

Akaenda kuosha sufuria. Aliisugua sufuria moja ile ile, huku maneno yakizunguka kichwani: nikitembea inabana, nikikaa inaachia. Ni somo analolifundisha kazini kila siku, kwa wake na waume na watoto wa wagonjwa. Kifua kinachobana kwa kutembea na kuachia kwa kupumzika, hasa kwa mtu wa umri ule, hakingojwi, hutafutiwa daktari. Kisipoachia hata ukikaa, hapo hata daktari usimtafute, ita ambulensi. Akasimamisha mkono. Mzee alikuwa amekaa. Alikaa muda wote akiongea, akisifia, akicheka, na ngumi haikutoka kifuani hata mara moja.

Sufuria ikaangukia sinki.

“Wifi,” alisema Theodora alipopokea, “mbona umerudi haraka?”

“Baba yuko wapi?”

“Amekwenda kulala kidogo. Nimemwekea mito miwili, kama ulivyosema.”

“Mpelekee simu. Weka spika.”

“Flaviana, amevua shati, yuko kitandani. Una nini?”

“Hata kama yuko uchi, mpelekee!”

Wilfred alikuja mbio kutoka sebuleni. Maneno kama hayo hayajawahi kusikika katika ukoo wao, na Theodora kwa mshituko wenyewe akatii. Zikasikika ndala zake kwenye ngazi, mlango, kisha pumzi za mtu mzima, fupi fupi.

“Shikamoo baba. Ni mimi, Flaviana. Sasa hivi umelala, hufanyi chochote. Kifua bado kinabana?”

“Theodora,” alisema mzee, “mwambie mama Carmel...”

“Baba, usimwambie Theodora. Niambie mimi.”

Wilfred alikuwa ameshika kichwa.

“Kinabana,” alisema mzee, taratibu, kama mtu anayevuliwa nguo. “Kama mtu amekikalia.”

“Taya?”

“Taya. Na mkono huu wa kushoto ni mzito. Na nataka kutapika.”

“Baba, ile sauti haikuwa yako. Ilikuwa ya msichana aliyekula nyama akalala. Mimi sikukuuliza wewe swali hata moja. Huu sasa ndio moyo. Wifi, kata, piga 911.”

“Nitamwahisha mwenyewe!” Theodora alikuwa ameanza kulia. “Hospitali ni hapo tu, ukitoka freeway. Ambulance na ving'ora mtaa mzima utoke kutushangaa?”

“Watoke washangae. Moyo ukisimama barabarani utafanya nini, utaachia usukani? Hao wanaanza kumtibu hapo hapo chumbani, na hospitali wanajiandaa kabla hajafika. Asishuke ngazi kwa miguu yake. Mlango wa mbele uache wazi. Wakikuuliza kuhusu aspirin uwajibu wanachouliza, wakisema atafune, atafune. Kata!”

Theodora akakata. Wilfred na Flaviana wakamwacha Carmel kwa jirani, wakaingia barabarani.

Kutoka Garland hadi Houston ni safari ya mchana mzima ukiwa na wasiwasi. Walipopita Corsicana, Theodora alipiga: baba amefika, ameingizwa moja kwa moja, mshipa wa moyo umeziba, wanauzibua. Flaviana alifunga macho akashukuru, lakini shukrani haikukaa. Kwa nini Alhamisi? Alhamisi ndiyo siku aliyoandika ule ujumbe wa kuwaonya watu akaufuta.

“Uliona kitu pale kwenye simu?” Wilfred aliuliza, macho barabarani.

“Niliona.”

“Ukasema apumzike.”

“Nikasema apumzike.”

Walipofika Huntsville Wilfred aliuliza tu kama anataka maji. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Flaviana alitamani agombezwe.

Usiku ule Wilfred na dada yake waliingia kumwona baba yao. Yeye alibaki kwenye korido. Mzee alikuwa amevalishwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, na mkwe hapaswi kumkuta baba mkwe katika hali ile. Flaviana amewafunga kamba za gauni hilo wazee wasiohesabika, weupe na weusi, akiwatania. Huyu mmoja hakuweza kumsogelea. Alijua pia kwamba siku hiyo heshima ilikuwa inamsaidia yeye kujificha.

Asubuhi walirudi wote. Flaviana akasimama nje ya pazia la chumba. Ndani, daktari wa moyo, mwanamke mwenye sauti ya upole, alikuwa akiongea ili Theodora atafsiri.

“Mshipa umefunguka vizuri. Lakini sehemu ya msuli wa moyo imeumia kuliko nilivyotarajia kwa maumivu yaliyoanza jana. Namwomba akumbuke vizuri. Hakusikia chochote kabla?”

Theodora akatafsiri.

“Mwambie daktari ilianza jana,” alisema Mzee Melkiori. “Jana hiyo hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa buheri wa afya.”

Flaviana hakuamini masikio yake. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudisha Wilfred dukani kwa mguu, mvua inanyesha, kwa sababu ya uongo kuhusu mkate. Na sasa anadanganya, amelala chali na waya kifuani, mbele ya daktari. Akasubiri Theodora amsahihishe. Theodora akatafsiri uongo ule neno kwa neno. Akasubiri Wilfred aseme. Kupitia upenyo wa pazia alimwona mumewe akiangalia viatu vyake.

Ndipo akaelewa kwamba walikuwa wanamfunika. Familia nzima, bila kukaa kikao, ilikuwa imekubaliana kwamba ile sauti haikuwahi kufika Katy, wala mama Carmel hakuwahi kusema kitu. Kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kusimama pale pale alipo, kwa adabu. Na daktari angeondoka akitibu moyo wa jana, wakati moyo ulioumia kwa siku kadhaa una hatari zake nyingine, ambazo mtu huzitafuta akijua tu kwamba zipo. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitaka sana kubaki nje.

Akavuta pazia akaingia.

“Ilianza Alhamisi,” alimwambia daktari kwa Kiingereza. “Ilikuwa inambana akitembea, inaachia akikaa. Jana ndiyo ilikataa kuachia. Hakuja mapema kwa sababu alisikia ujumbe wangu wa sauti unaosema ni gesi. Mimi ni nesi. Nafanya kazi wodi ya moyo.”

Daktari alimtazama kidogo, si kwa hukumu, na hilo ndilo lililomuuma. Akauliza maswali machache, akaagiza moyo upigwe picha tena siku hiyo hiyo, akamshukuru na kutoka. Theodora akatoka nyuma yake. Wilfred akabaki, mgongo kwao, akiangalia dirishani.

Mzee Melkiori alikuwa amelivuta shuka hadi kidevuni.

“Flaviana,” alisema.

Hakuwahi kulisikia jina lake katika kinywa kile. Akapiga magoti kando ya kitanda, mbali kidogo, kama alivyozoea.

“Nilitaka usiaibike,” alisema mzee.

“Ungekufa, baba.”

“Ningekufa, na wewe usingejua kwa nini.”

“Ningejua,” alisema Flaviana, akaanza kulia, kilio kibaya cha kamasi. “Nilijua tangu jana mchana. Nilikuona, nikasema upumzike. Nisamehe, baba.”

Mzee alikuwa akiangalia simu yake pale mezani, karibu na kikombe cha maji, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Kuna jambo jingine,” alisema. “Nilikuwa nimefurahi, unajua. Ile sauti niliituma Rombo, kwa walimu wenzangu wastaafu. Mwalimu Sirili amekuwa akilalamika kifua, akipanda mlima kwenda kanisani. Nilimtumia yeye wa kwanza. Nikaandika, huyu ni mkwe wangu wa Marekani, bingwa wa moyo, msikilize.”

Wilfred aligeuka kutoka dirishani.

Mzee aliichukua simu akamnyooshea Flaviana; alipoipokea, vidole vyao vikagusana, hakuna aliyevirudisha. Akalitafuta jina, akapiga. Huko Rombo ilikuwa jioni. Simu iliita, ikaita, ikaita, ndipo mwanamke akapokea kwa sauti ya furaha.

“Mwalimu Melkiori! Habari za Marekani?”

“Shikamoo mama. Mimi ni mkwe wake. Mwalimu Sirili yuko wapi?”

“Aa! Kumbe wewe ndiye yule nesi! Marahaba, mwanangu, Mungu akubariki. Hapa sauti yako tunaisikiliza kila siku.” Nyuma yake kuku walikuwa wanalia, na mtu alikuwa akipasua kuni. “Mwalimu amejilaza. Kifua kimemsumbua tangu mchana, lakini usiwe na wasiwasi. Nimemwinulia mto.”

“Mama,” alisema Flaviana, “nenda kamwamshe. Nenda sasa hivi, mimi nasubiri.”